Spika Mbovu ya Mama Masikio

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja studioni kwetu, fundi mkuu wa kuchanganya sauti, Mama Masikio, anastaafu. Jamani! Sasa nani atatuambia besi imezidi hata kabla hatujakaa?

Aliingia akiwa mpokea wageni, akapanda hadi kwenye kiti cha mitambo. Spika zetu kubwa zina utamu wa ajabu, lakini Mama hakuziamini hata siku moja. Kila wimbo ulipokamilika, aliuhamishia kwenye kispika cha plastiki, kidogo kama kopo la maziwa, kinachokoroma, besi hakina hata ya dawa. Watu, anasema, husikiliza muziki kwenye simu jikoni na redio ya saluni. Maneno yakisikika kwenye hicho kibovu, yatasikika popote.

Mwezi uliopita fundi wetu wa umeme, kwa roho safi kabisa, akaamua kumwandalia zawadi ya kumuaga: akakitengeneza kispika! Akakitia koni mpya, ile karatasi inayotikisika ndani, akakifunga na utepe. Kikawa na sauti nzuri kupindukia. Mama alishukuru vizuri, kisha akashika kichwa. Koni ya zamani ilikuwa imeshatupwa, na wiki ileile redio walikuwa wanasubiri wimbo wa binti mmoja aliyeacha ushonaji ili aimbe. Wimbo wake wa kwanza waliukataa kwa sababu maneno hayakusikika. Na huu nao ukikataliwa, basi, anarudi kwenye cherehani.

Tukaingia mtaani kutafuta spika mbaya, Mama na mimi mpiga kinanda. Muuza redio alituletea nzuri, Mama akazikataa zote, akaomba iliyo mbaya kuliko zote dukani. Loo! Mwenye duka akapandisha mori, akidhani tunamdhihaki. Mara Mama akakisikia kiredio chake mwenyewe kikikwaruza nyuma ya kaunta, uso ukamng'aa. Mwenyewe aligoma katakata kukiuza, ila akaturuhusu kuchomeka simu yenye wimbo wa binti.

Aibu gani hiyo! Kinanda changu kilikuwa kimeimeza sauti ya binti yote. Mama alipiga makofi kwa furaha palepale dukani, tukarudi studioni mbiombio, akakishusha kinanda changu bila huruma. Tulipoupeleka wimbo tena dukani, mwenye duka aliwaacha wateja wamesimama, akauliza anayeimba ni nani.

Redio wameupokea! Binti alilia, fundi wa umeme akalia naye, na mimi sikubaki nyuma.

Mume wa Mama ametusimulia kwamba kwa miaka yote ya ndoa yao hajawahi kumwona Mama akimaliza kusikiliza wimbo wa studio yetu redioni bila kulalamika. Wiki iliyopita wimbo wa binti ulipigwa wakiwa jikoni. Mama aliweka mwiko chini, akausikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tu kwamba sasa anaweza kuiaga studio na kwenda nyumbani.

Asante, Mama yetu. Pumzika kwa raha, na masikio yako yapate mapumziko yao pia.