Mzee Kinyume na Diski Nne

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mzee Kinyume atashuka ngazi za chumba cha mtambo kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne ya kutuonyeshea filamu katika ukumbi huu. Kamati ya kuagana imeniomba mimi, Mama Tiketi, nimwandike, kwa kuwa dirisha langu liko chini ya ngazi zake na kikohozi chake nakijua kuliko cha kwangu. Shule sikufika mbali. Karani amenyoosha herufi, maneno ni yangu.

Alianza kwa kubeba mikebe ya filamu, ile ya bati iliyokuwa ikivunja watu migongo. Fundi mkuu alipougua akapanda yeye, na ndiyo ikawa kazi. Mtambo umebadilishwa mara tatu, na kila mpya ulipoletwa alikaa nao siku nzima mlango umefungwa, kama mtu anayezungumza na mkwe. Siku umeme ulipokatika katikati ya filamu ya mapenzi, alitokea kwenye roshani akawasimulia watu mwisho wake kwa mdomo, sauti ya bwana, sauti ya bibi, hata mlio wa treni. Hakuna aliyeondoka. Wapo wanaoapa mpaka leo kwamba ile treni waliiona.

Kamati inataka pia nieleze jina la Kinyume, maana wageni kazini hulicheka. Nitaeleza, ila si kama mnavyolijua.

Miaka sita iliyopita binti yangu na wenzake walitengeneza filamu ya kuchekesha kwa mikono yao wenyewe, bila kampuni. Inahusu vijana watano wanaokaa mezani kila Jumamosi wakicheza mchezo wa kujifanya watu wengine: huyu shujaa, huyu mchawi, huyu mwizi, na dadu ndiyo inayoamua nani apone. Shujaa wao anaua mazimwi, lakini mama yake akimwita aanue nguo anakimbia. Sauti ya huyo mama nyuma ya mlango ni yangu. Mchezo wenyewe aliuleta nyumbani mwanangu wa kwanza, kaka yake huyu binti. Akafariki kabla hawajaanza kuitengeneza filamu. Kwa hiyo ndani ya vichekesho binti akaweka sehemu moja isiyochekesha: shujaa amekufa, kiti chake kipo wazi, na wenzake bado wanamrushia dadu zamu yake ikifika.

Filamu ilikuja kwa diski nne, kila moja na jina lake la mchezoni: Lango, Daraja, Kiti, Nyumbani. Shujaa anakufa kwenye Daraja, analiliwa kwenye Kiti. Siku ya onyesho la kwanza, saa kumi jioni, Mzee Kinyume alivaa tai. Ukumbi ulijaa. Mimi nilikuwa dirishani nikikata tiketi, nikasikia watu wanacheka mpaka wanapiga viti. Yeye naye huko juu, ambaye hadithi haijui, akafurahi, akaongeza sauti.

Kumbe Kiti kilitangulia Daraja. Watu waliona vijana wanamlilia mtu aliyekuwa mzima dakika moja iliyopita, hata kaburi hana. Wakacheka kilio cha mwanangu.

Binti alipanda ngazi akiuliza nani amegeuza diski, mimi nyuma yake. Mzee Kinyume alisikiliza, akanitazama mimi juu ya bega la binti, kisha akasema, “Nimekosea mimi, mwanangu. Macho yamezeeka.”

Macho yake hayakuwa na shida. Mpangilio wa diski niliuleta mimi. Asubuhi hiyo binti alinitajia yale majina manne nikiwa nafua, nikayakariri njia nzima, nikafika dirishani nikamtajia vibaya. Yeye akapanga kama nilivyosema. Nilipomfuata kesho yake nikitaka kuungama, alikataa. Alisema, “Umebaki na mmoja. Mimi akinichukia nitaishi.”

Basi nikanyamaza. Nisiseme uongo, nilinyamaza kwa raha pia. Watu wakamwita Kinyume kwa kugeuza diski, jina likamganda, meneja alikuwa akilitumia hata kwenye vikao. Mzee alikuja kwetu mara mbili kuomba radhi kwa kosa lisilo lake, na mara zote mbili binti hakutoka chumbani. Nilimmiminia chai, tukaongea habari za mvua. Binti hajashika kamera tena. Anauza makava ya simu, na wale wenzake wa filamu akiwaona anavuka barabara.

Kwa hiyo wafanyakazi wenzangu, katika miaka thelathini na minne Mzee huyu hakuwahi kukosea diski hata moja. Rekodi isomeke hivyo.

Karatasi hii nilimpa binti jana mchana aisome kabla haijachapwa. Aliisoma amesimama jikoni, akairudia kutoka juu, akaiweka juu ya meza, akaingia chumbani kwake. Sikusikia kilio. Nimegonga asubuhi, nimegonga tena kabla ya kuja kazini, hajaitika. Chakula nilichoweka mlangoni kipo vilevile. Karani ameniachia nafasi ya mistari michache hapa chini mpaka saa sita, na saa sita hii imefika.

Mzee wetu, asante kwa kila taa uliyotuzimia na kutuwashia. Ulichonikinga nacho miaka sita kimenifika, na ni changu, usigeuke nyuma kuja kukibeba. Nenda kapumzike. Ukumbi mzima unakutakia siku tulivu, macho yako mazuri yaendelee kuona, na usingizi usio na deni la mtu.

Mama Tiketi