Paja la Kuku la Jaja

Wapendwa, mnaitikia kama watu wenye homa! Haya. Tangu nimalize shule ya jioni siogopi kipaza sauti, chenyewe ndicho kinaniogopa.

Mume wangu alipofariki tulikuwa Bugembe. Matanga hayajapoa, shemeji yangu, askari magereza mstaafu, akanifuata jikoni akaninong'oneza: "Nitakurithi. Ukikataa, utoke, watoto wabaki." Mbele za watu alikuwa mpole kuliko askofu. Nikaendelea kupika. Ndugu zangu, nilikonda hivi kwamba upepo wa ziwani Masese ungenifikisha Kenya bila pasipoti.

Shangazi akaja kutoka Nakaloke, nikamweleza yote. "Unalia nini? Umesahau Jaja, bibi yako, alifukuzwa Bugembe hiyohiyo kwa paja la kuku?"

Nilikuwa nimesahau. Enzi za Waingereza, huko kwetu mwanamke hakuonja kuku. Ndipo uamsho ukapita. Waliookoka walisimama hadharani wakasema yaliyo moyoni, kisha wakala mkeka mmoja, wake kwa waume, Wasoga wa kwetu kwa Wagisu wa Mbale. Jaja akala paja. Ukoo ukamtaka aombe radhi. Akajibu, "Dhambi zangu nimeshatubu. Kuku hakuwamo."

Wakamtoa. Waliookoka wa Mbale, ambao lugha yao hakuijua hata ya kuombea chumvi, wakamjengea nyumba Nakaloke.

"Na desturi yao moja ishike," Shangazi akasema. "La gizani walilileta mwangani."

Basi nikataka ukoo ukae. Ulipokaa, nikasimama. 

"Afande shemeji, lile neno la jikoni, liseme hapa."

"Neno gani?"

"La kunirithi. Ama nikusaidie?"

Akakohoa. Mzee mmoja akamhimiza, "Sema, bwana, tunasikia." Akatazama viatu vyake kana kwamba kavinunua asubuhi. Nikalisema mwenyewe, lote, na vitisho vyake.

Hapo mama mkwe, ambaye hakuwahi kunitetea hata kwa paka, akainuka. "Mimi nilirithiwa hivyohivyo, nikanyamaza. Huyu mwacheni na nyumba yake na watoto wake."

Wazee wakaafiki.

Asante, Shangazi. Asanteni ninyi mliotoka Mbale siku ile mkaketi nyuma yangu. Nilisikia pumzi zenu mgongoni, nikajua sitaanguka.

Mjane mwenzangu uliye hapa, nakuambia: ukinong'onezewa jikoni, usijibu jikoni. Taka ukoo ukae. Tuite, tutakuja kujaza mkeka. Mchinje na kuku, lakini paja msigombanie. Ni letu tangu Jaja.