Kamshafti Tuliyoichagua kwa Kunyoosha Mikono

Kaeni chini wote, hata nyie mliosimama kule kwenye uzio, kaeni msikilize, wazee shikamooni, Padri shikamoo, mimi naitwa Cornel, mdogo wake marehemu, ukoo umenipa kazi ya kusoma na nitasoma yote, hata yale mliyoniambia asubuhi niyaruke.

Marehemu Sebastiani Bura alizaliwa tarehe 3 Machi 1943 hapa hapa Maretadu, mtoto wa pili wa mzee Bura na mama Kornelia, akasoma mpaka darasa la nne, akamaliza mwaka 1955, akachunga ng'ombe, akachoka na ng'ombe, mwaka 1960 akadandia lori akaenda Arusha kujifunza ufundi, na siku ya Uhuru wenzake wanacheza barabarani yeye alikuwa chini ya gari, maana mwenye gari alitaka kwenda kucheza na gari halina breki.

Tarehe 14 Oktoba 1967 alifunga ndoa na shemeji Ernestina, wakajaliwa Veronica mwaka 1969 na Patriki mwaka 1972, na wa tatu yuko njiani, mwezi ujao, hilo mlishike, nitalirudia.

Mwaka 1974 tulipohamishwa kuja kijijini, nyumba zikapangwa mistari, marehemu akarudi nyumbani, akakabidhiwa ile Peugeot pikapu iliyopaki pale, gari pekee tulilo nalo, linabeba maharage, linabeba wagonjwa, linabeba akina mama wa kujifungua, lilikuwa limekufa akalifufua, halikimbii lakini linapanda, ulijaze magunia uone, lilikuwa linapanda kile kilima cha Shingo ya Punda polepole kama bibi anayetoka kuchota maji, ila linafika.

Sasa Septemba mwaka jana tukienda mnadani Katesh, gari la kijiji cha Gitting likatupita, utingo wao akapiga kelele, "Maretadu! Mnaleta maharage au mnaleta miche? Mkifika yatakuwa yameshaota!", na mwenyekiti wetu, mzee Eliakimu, alikuwa amekaa mbele, siku ile hata nyama ya mnadani ilimshinda.

Marehemu alikuwa na kamshafti mbili, na kwa asiyejua, kamshafti ni ile fimbo ya chuma ndani ya injini yenye nundu nundu, inazunguka, nundu inasukuma valvu ifunguke injini ivute pumzi, moja ndiyo iliyokuwemo, nundu zake fupi, ya pili aliitoa kwenye gari la mashindano lililopinduka, nundu zake ndefu, na fundi mwenye gari angechagua mwenyewe akamaliza, lakini hapana, mwenyekiti akasema gari ni la wote, tutaamua wote, mkutano ukaitwa tarehe 4 Oktoba 1975, kamshafti mbili zikalazwa juu ya gunia mbele ya watu.

Marehemu akawaeleza, hii ndefu inaacha valvu wazi muda mrefu, gari likishachanganya linaruka, lakini likienda polepole halina nguvu, ile fupi haina mbio ila inavuta tangu chini, mwenyekiti akauliza, "Ipi ina nguvu?", akajibu, "Inategemea, mzee", mkaguna, mzee Joakimu akainuka akazipapasa nundu kama anachagua dume la kununua, akasema, "Hii imenona, hii nyingine ina njaa", mkapiga makofi, shemeji Ernestina akauliza, "Na Shingo ya Punda je?", mkamcheka, mkamwambia, "Shemeji, tutakusukuma!", mikono ikanyooshwa kuichagua ile ndefu, na marehemu naye akanyoosha wake, nasema kweli mbele ya jeneza lake, alinyoosha, kwa sababu tangu Arusha alitamani kusikia injini ya mashindano, na hilo sijamsamehe.

Kazi aliifanya vizuri, akashusha rejeta, akafungua kichwa cha injini, akachomoa ya zamani akaipaka grisi na kuifunga kwenye gunia, akaingiza mpya ikiwa imelowa oili, akalinganisha alama za taimingi, akabandika udongo wa mfinyanzi juu ya pistoni, akazungusha injini kwa mkono, akafungua tena aone valvu imeuminya udongo kiasi gani, zisije zikagongana na pistoni, akafunga, akawasha, gari likatetemeka pale liliposimama kama mtu mwenye malaria, alipokanyaga mafuta likanguruma mpaka wanafunzi wakatoka darasani, Novemba tukawapita Gitting, mkaimba njia nzima.

Tarehe 8 Aprili mwaka huu wa 1976, asubuhi, tumbo lilimkamata marehemu, mvua inanyesha, Theodory, msaidizi wake kwenye gari, akashika usukani, tukamlaza nyuma juu ya magunia, na pale Shingo ya Punda gari likienda polepole linazima, Theodory akikanyaga matairi yanazunguka matopeni bure, tukasukuma, likazima, tukasukuma, marehemu akasema, "Theodory, usiachie mafuta", halafu akanigeukia akasema, "Ile fupi iko chini ya kitanda changu", tukafika hospitali giza limeingia, daktari akatuambia utumbo umeshapasuka, mngemleta mchana, na alfajiri ya tarehe 9 akafariki, ana miaka thelathini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na manesi waliopambana naye hadi mwisho, tunawashukuru majirani kwa kuni, maji na unga, tunamshukuru Theodory, viganja vyake bado vimechubuka kwa usukani, tunawashukuru madereva wenzake marehemu, hata wa Gitting, wamekuja kutuzikia, wana adabu kuliko sisi, maana leo asubuhi mwenyekiti amemwambia shemeji kwamba gari halifunguliwi kurudishiwa ile fupi mpaka Saba Saba ipite, kijiji kinataka lingurume kwenye sherehe, na shemeji anajifungua Mei, na mvua haijaisha.

Kaka, pumzika, makelele yote umetuachia sisi.

Na wewe uliyekaa hapo, kamshafti fupi iko chini ya kitanda, Theodory yuko tayari, spana ninayo mfukoni, shemeji umemwona alivyo, ungekuwa wewe ndio mimi, ungengoja mkutano wanyooshe tena mikono?