Kitako cha Kikapu

Wifi yangu, fundi cherehani, ndiye aliyeniambia kwanza: mwenye duka la zawadi anatafuta vikapu vya ukili, ule msuko wa majani ya mkindu, vilivyosukwa kwa mkono. Apelekewe kimoja kabla ya mwezi kuisha. Akikipenda, kazi ipo mwaka mzima. Nilifurahi, maana hiyo ni kazi ya kufanyia nyumbani, mtoto akiwa karibu. Kusuka ukili najua, alinifundisha bibi. Lakini kitako cha kikapu alikuwa akianza yeye, kisha ananipa niendeleze. Bibi hayupo tena. Basi jana, nikiuza kahawa yangu kijiweni kwa fundi viatu, nikajikaza nikauliza kama kuna anayemjua mzee anayesuka vikapu, anionyeshe kuanza. Sikumaliza.

— Vikapu? Shemeji, umekalia utajiri! — Huyo ni Redio, kinyozi. Hazimiki.

— Ila usianze na kimoja, — akadakia Waziri, fundi rangi. — Haba na haba hujaza kibaba. Anza na kontena.

— La kupeleka wapi? — akauliza Redio.

— Ng'ambo! Mcheza kwao hutunzwa.

— Sasa ng'ambo ndiyo kwao?

— Kwao wanunuzi, bwana!

Fundi viatu, tunayemwita Profesa, akatoa msumari mdomoni.

— Nyinyi mnawaza soko, mimi nawaza urithi. Mababu walikuwa wakihesabu nyota kwa ukili.

— Nani kakwambia? — akauliza Redio.

— Lisemwalo lipo.

— Basi tukausajili huo usukaji! — akasema Waziri. — Kila anayesuka duniani aje atuombe ruhusa.

— Hata wasusi wa nywele?

— Hata ndege wanaosuka viota, — akasema Profesa. — Hasa hao. Waliiga kwetu.

Walicheka, wakanyoosha vikombe niongeze. Pembeni alikaa mama mmoja mgeni, mguu mmoja peku, akisubiri kiatu chake kishonwe.

— Samahanini wanangu, — akasema taratibu. — Kwani kikapu huanzwaje?

— Huanza chini, — akajibu Waziri.

— Chini vipi?

Waziri akamtazama Redio. Redio akatazama kikombe. Profesa akarudisha msumari mdomoni.

— Bibi yangu alikuwa navyo tele, — Redio akasema mwishowe.

— Hata wangu, — akasema yule mama. — Ndiyo maana nauliza.

Nikainamisha birika. Likatoa tone moja, basi.

Nyumbani ninacho kikapu kimoja cha bibi, ndicho pekee alichoniachia. Naweka humo nguo za mtoto. Leo asubuhi nimezihamishia kwenye ndoo, nikakaa mlangoni penye mwanga, nikautafuta uzi wa ukingoni, pale bibi alipomalizia. Niliushika muda mrefu. Kisha nikaukata kwa wembe, nikaanza kufumua, mzunguko kwa mzunguko, kushuka hadi alipoanzia.