Mama Tumelo wa Ha Letsoara, Aliyewapanga Wasioaminiana

Motena Rammoneng, ambaye kwa miaka arobaini kijiji hiki kilimwita Mama Tumelo, alizaliwa tarehe 3 Juni 1961 Ha Ntsokoane, wilaya ya Mafeteng. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Rammoneng, mchimba dhahabu ng'ambo ya mpaka, na mkewe. Wazazi hao wote wametangulia.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akaacha mwaka 1975 baba yao alipoumia mgodini. Dada zake wanakumbuka kwamba tangu utoto hakukubali kitu kabla ya kukitazama pande zote. Akiwa na miaka tisa alitumwa dukani kununua sukari. Mwenye duka alipoiweka kwenye mizani, Motena alisimama kwa ncha za vidole akachungulia, kisha akasema kwa adabu, "Mzee, ondoa kidole. Nimetumwa sukari peke yake." Watu waliokuwa dukani walicheka, na kuanzia siku ile wote walichungulia mizani.

Tarehe 10 Desemba 1983 aliolewa na Nkopane Lephoto wa hapa Ha Letsoara. Kabla ya kukubali posa, alitumia miezi miwili kuuliza habari zake kwa majirani, kwa mchungaji, hata kwa mwanamke aliyewahi kumkataa. Nkopane alipenda kusimulia kwamba alipekuliwa na mchumba zaidi kuliko alivyowahi kupekuliwa mpakani. Siku ya harusi wakwe walimpa jina la 'Matumelo, yaani Mama Tumelo, jina lenye maana ya Mama wa Imani. Alisema wamempa kazi ngumu. Mwaka 1985 alimzaa Tumelo, na mwaka 1989 akamzaa Lineo.

Kuanzia mwaka 1988 hadi 2004 alifanya kazi katika kiwanda cha nguo mjini Maseru, akikagua mishono ya suruali za jinzi. Aliporudi kijijini alilima mtama na mahindi pamoja na mumewe, na siku za mnada aliuza maandazi.

Jumamosi tarehe 20 Julai 2013, saa tisa alasiri, watu walikuwa wamekusanyika kwa jirani yao, Mama Batho, kunywa pombe ya mtama baada ya kusaidiana kupura mavuno yake. Miaka hiyo makundi mawili ya wapiga akodiani yalikuwa yakitukanana kwenye nyimbo, na matusi yalikuwa yamefikia bunduki. Wanaume wanne waliojifunika mablanketi walitokea, wakafyatua risasi, wakaondoka. Watu sita walikufa, Nkopane na Tumelo wakiwa miongoni mwao. Mama Tumelo alipigwa risasi ya paja.

Wauaji hawakuja kwa barabara. Walipita njia ya nyuma ya zizi la ng'ombe, njia iliyoota miba, isiyojulikana na mtu wa mbali. Kwa hiyo kila mmoja alijua kwamba kuna mwenyeji aliyewaonyesha, na kijiji kikaanza kujitazama. Watu walisalimiana huku wakihesabu nani alikuwepo siku ile na nani hakuwepo.

Misaada ilikuja kwa wingi, na Mama Tumelo aliishuku yote. Chakula kilicholetwa alitaka aliyekileta akionje kwanza. Wakubwa kutoka mjini walifika na mablanketi na wapiga picha. Aliuliza kama blanketi linaweza kuja bila picha. Walipoguna, alilikunja vizuri akalirudisha. Mtu mmoja tu aliingia kwake bila kuulizwa: Makalo, mdogo wake Nkopane. Makalo ndiye aliyemfunga kidonda na kuwalisha ng'ombe wake, na chakula chake pekee ndicho kilicholiwa bila kuonjwa.

Mtu ambaye Mama Tumelo alimshuku kuliko wote ni Mama Batho. Pombe ilikuwa yake, uwanja ulikuwa wake, na kaka yake aliimba na kundi mojawapo. Hata hivyo kila Alhamisi Mama Batho alikuja akakaa nje, juu ya jiwe la kufulia, bila kubisha wala kuleta kitu. Wiki ya tano Mama Tumelo alijikokota hadi mlangoni.

"Unataka nini hapa?"

"Sitaki kitu. Nimekuja kukaa."

"Umekuja kunipeleleza."

"Basi na wewe nipeleleze. Tuko hapa wote."

Mama Tumelo alichukua kiti akakaa kizingitini, akamtazama hadi jua lilipotua. Alhamisi iliyofuata alimtolea chai. Aliinywa yeye kwanza, Mama Batho akimwangalia.

Ni hapo mlangoni lilipozaliwa jambo ambalo nyumba sita, yaani tano zilizofiwa na ile ya Mama Batho, hazitalisahau. Watoto wao walikuwa wameacha shule kwa kuogopa kupita karibu na zizi. Watu wazima walitaka kuwasindikiza, lakini kila mmoja alitaka aende na rafiki yake. Mama Tumelo alikataa. "Marafiki wawili wakiamua jambo baya, nani atajua?" aliuliza. Akapanga zamu za watu wawili wawili, na kila mara alichagua wasioaminiana, ili huyu amlinde mtoto dhidi ya yule, na yule dhidi ya huyu. Palikuwa na manung'uniko mengi. Lakini watoto walifika shuleni, wakarudi.

Zamu hizo zikaendelea mashambani, kisimani, na baadaye kwenye safari za mahakamani. Shahidi mmoja akiitwa, nyumba zote sita zilikwenda, zikakaa benchi moja. Mama Tumelo pia alikataza mtu kupelekewa msaada asioutaka. Alipita mwenyewe kwa fimbo yake akiuliza kila mlango, "Leo unataka nini? Kupikiwa, kukaliwa, au kuachwa?" Aliyetaka kuachwa aliachwa, lakini moshi wa jiko lake ulitazamwa kila asubuhi.

Mwezi Machi 2016 mmoja wa wale wanne alisimama kizimbani akasema yote. Aliyewapitisha njia ya zizi, siku tatu kabla ya mauaji, ni Makalo Lephoto. Makalo alikiri. Alisema alidhani wanakwenda kumpiga mtu mmoja tu kwa ajili ya wimbo. Nje ya mahakama Mama Tumelo alimgeukia Mama Batho.

"Wewe nimekuchunguza miaka mitatu," alisema. "Yeye nilimpa ufunguo."

"Ulinichunguza vizuri," Mama Batho alimjibu. "Hata mume wangu hajawahi kunitazama hivyo."

Kwa muda mrefu baada ya hapo alishindwa kula. Lineo alimkuta mara nyingi ameketi mbele ya sahani, akiuliza alichokosea kukitazama.

Makalo alifungwa, na hasira ya kijiji ikamgeukia mkewe, Mama Paseka. Mabati yake yalipigwa mawe, na wanawe wawili walikaa nyumbani. Jumapili moja, baada ya ibada, Mama Tumelo alikwenda kwake huku watu wakimtazama, wengi wakidhani anakwenda kumfukuza.

"Kesho zamu ya shule ni yetu, mimi na wewe," alimwambia. "Leta na wanao."

Mama Paseka aliuliza, "Dada, kumbe unaniamini?"

"Hapana. Ndiyo maana nimekupanga na mimi."

Walisindikiza watoto pamoja miaka saba, na mabati hayakupigwa tena. Lakini isisemwe kwamba mambo yalikuwa mepesi. Mama Tumelo hakuacha kujiuliza kama mwenzake alijua. Mwaka wa pili alimuuliza waziwazi, wakiwa njiani. Mama Paseka akasema kwamba Jumatano ile ya kabla ya mauaji mumewe alirudi na miba imenasa kwenye blanketi, naye hakumuuliza ametoka wapi. Baada ya hapo hawakuongea mwezi mzima. Zamu haikukosekana hata siku moja.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alipolazwa, hakumeza kidonge kabla ya kusomewa jina la dawa, na wauguzi walizoea kumsomea. Aprili mwaka huu alimwita Lineo aandike wasifu huu na kumsomea, kwa kuwa, alisema, maiti husingiziwa wema. Walipofika kwenye habari ya mahakama, Lineo alitaka kuandika "ndugu mmoja wa karibu." Mama yake alimkatiza.

"Andika jina," alisema. "Ukiandika 'ndugu mmoja,' kila mtu pale makaburini atamtazama aliye kando yake. Tumeshatazamana vya kutosha."

Alifariki Alhamisi tarehe 9 Mei 2024, saa tatu asubuhi. Kando ya kitanda walikuwepo Mama Batho na Mama Paseka, ambao zamu ilikuwa yao. Wote wawili wanasema alifumbua macho, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akayafumba.

Marehemu ameacha binti mmoja, Lineo, mkwe mmoja, wajukuu watatu, mmoja wao akiwa mtoto wa Tumelo, dada wawili, Mama Batho, Mama Paseka na wanawe, na nyumba sita zilizompenda bila yeye kuamini. Ameacha pia shemeji yake, Makalo Lephoto, aliyeko gerezani. Alisema naye aandikwe, ila awe wa mwisho.

Apumzike kwa amani, alale usingizi wa mtu asiyesikilizia nyayo.