Ufagio wa Chumba Kisafi

Imana ishimwe, watu wa Mungu. Na sisi wa ibada ya Kiswahili tuitikiane kwa lugha yetu: Bwana asifiwe sana. Mchungaji amenipa kiti, lakini naomba nisimame, na mkiniona natembeatembea hapa mbele mnivumilie. Kukaa bado kunanishinda kidogo, na kwa nini, ndiyo ushuhuda wangu.

Mimi ni Vestine, mama Keza, wa Kabeza. Wengi mnanijua, na wengine mnanijua vibaya, maana kuna kipindi niligombeza nusu ya kwaya. Mwalimu wa kwaya yuko pale nyuma anacheka. Cheka tu, kaka yangu, nilishakuomba msamaha.

Nilikulia Bukoba, ndiyo maana Kiswahili changu kinakimbia hivi, lakini usafi nimefundishwa na Kigali hii yetu. Nafanya kazi kwenye kampuni inayopokea taka za sumu: betri, mafuta machafu ya magari, dawa zilizoharibika. Chumba chetu kilikuwa cha vitu vyenye zebaki. Hospitali wakibadilisha vifaa, vile vipimajoto vya kioo na mashine za zamani za presha vinaletwa kwetu, pamoja na taa ndefu nyeupe za maofisini. Tulikuwa wawili, mimi na Hadija. Hadija ni Mtanzania wa Kigoma, Mwislamu, mpole kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Wakati huo alikuwa mjamzito, na mimba za kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika zote. Kila asubuhi akifika anashika tumbo, ananiambia, "Dada, bado tuko naye."

Sasa zebaki, kama hamjaiona, ni kitu kinachopendeza macho. Inang'aa, ikimwagika inakimbia sakafuni vitone vitone. Na mtu wa Kigali akiona kitu kimemwagika sakafuni anafanya nini? Anafagia. Basi tulifagia. Tulifagia tukifika, tulifagia kipimajoto kikivunjika, tulifagia kabla ya kutoka. Madirisha tulifunga ili vumbi lisiwafikie majirani. Wageni wakitembelea kampuni, Injenia, mkuu wetu wa kazi, alikuwa anawaleta kwetu kwanza. "Muone hapa kulivyo safi," anawaambia, na sisi na fagio zetu pembeni tunajisikia kweli kweli.

Ndugu zangu, kilichotangulia kuondoka ni usingizi. Halafu mdomo ukawa na ladha kama nimelamba msumari. Halafu moyo ukakosa kutulia. Nilikuwa nikikaa nasimama, nikisimama natafuta ufagio. Alfajiri jirani zangu wananisikia nafagia uani mpaka mmoja akamwuliza mume wangu kama kuna msiba. Mtoto akiangusha kijiko namfokea kama ameiba. Na mikono ikaanza kutetemeka. Baba Keza akawa ananinyang'anya birika taratibu, bila kusema neno, anamimina chai yeye mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko angenisema.

Hapa kanisani mliniona natetemeka wakati wa maombi, mkafurahi. Mkasema Roho amemgusa mama Keza. Nikamgombeza mwalimu wa kwaya mbele ya watu, mkabadilisha: kumbe ni pepo. Sichekeshi, wapendwa, ndivyo ilivyokuwa. Mwezi huu nina upako, mwezi ujao nina pepo, na mikono ni ile ile.

Mama Mchungaji na kundi lake la maombi wakanichukua. Walifunga pamoja nami, waliniwekea mikono, walilia juu yangu. Sitasema hata siku moja kwamba maombi yale yalikuwa bure. Bila wale akina mama ningekuwa nimekimbia nyumba yangu. Lakini nilikuwa nainuka pale magotini, kesho yake narudi kwenye chumba changu kisafi, nashika ufagio wangu. Na kadiri nilivyokosa utulivu ndivyo nilivyozidi kufagia.

Halafu ikaja siku ya uji. Tulikuwa tumetoka kupumzika kidogo uani, mimi na Hadija. Akashika kikombe chake kwa mikono miwili, na bado uji ukamwagikia gauni, juu ya tumbo. Akatabasamu, akasema, "Mtoto ananichosha huyu." Nikamtazama mikono. Mtetemeko ule naujua, nalala nao, naamka nao.

Nikajiuliza, pepo wangu amefikaje kwa Hadija? Yeye haji kanisani kwetu, hatukai mtaa mmoja, hatuli chungu kimoja. Nikamkumbuka na mzee aliyekuwa kwenye chumba kile kabla yetu. Aliacha kazi anatetemeka, na sisi sote tukasema ni pombe. Disi, maskini mzee wa watu! Pepo gani huyu anayechagua chumba?

Sikurudi ndani. Nilienda moja kwa moja kwa Mama Mchungaji, nikamweleza nimesimama, nazunguka sebuleni kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwanangu, tutaendelea kuomba. Lakini huyo mama mwenye mimba umpeleke hospitali leo, na wewe uingie naye kwa daktari." Akavaa viatu, tukamchukua Hadija kazini, akatusindikiza yeye mwenyewe.

Daktari alikuwa kijana mwanamke. Alitazama mikono yetu, akatazama fizi zetu, akauliza swali moja ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza katika taabu yangu yote: "Mnafanya kazi gani?" Tulipomwambia, aliweka kalamu chini. Akatueleza kwamba zebaki inapanda hewani bila harufu na bila moshi, mtu anaivuta, inaingia kwenye mishipa ya fahamu. Kwa mwenye mimba inavuka mpaka kwa mtoto. Akachukua vipimo, akasema, "Kwenye hicho chumba msiingie tena." Hadija hakulia. Alishika tumbo tu, njia nzima ya kurudi.

Asubuhi tukafika kazini kumpa Injenia maneno ya daktari. Injenia alikuwa na haraka, wageni wako njiani. "Mfagie kwanza, halafu mtaniambia hayo mengine," akasema. Hadija, kwa woga wa kukosa kazi, akaokota ufagio. Ndugu zangu, nikasimama mlangoni, mkono huku na mkono huku. Nikasema hapiti mtu.

Injenia akapumua kwa nguvu. "Vestine, wewe na hasira zako tena. Kila siku iko shida na wewe."

Na alikuwa na haki, maana hasira zangu alizijua. Nikamwomba Mungu pale pale, kimoyomoyo, nikasema Baba, leo nipe maneno madogo. Nikamwambia, "Injenia, nyosha mikono." Akashangaa, lakini akanyosha. Ilitulia kama meza. Nikanyosha yangu kando ya yake, ikacheza. Nikamwambia Hadija naye anyoshe. Ikacheza.

"Mimi nina hasira, sawa," nikamwambia. "Huyu je? Umewahi kumwona Hadija amekasirika?"

Alitazama ile mikono, akatazama tumbo. Halafu akamwambia Hadija, kwa sauti ya chini sana, "Weka chini huo ufagio, mama." Akafunga mlango kwa ufunguo na wageni akawarudisha.

Wataalamu walikuja na kifaa cha kupimia hewa. Pale mlangoni kililia kidogo, kwenye meza kikazidi. Walipokisogeza kwenye ufagio wangu kililia mpaka mmoja wao akarudi nyuma. Tulikuwa tunafagia sumu, wapendwa. Kila tukifagia tunaivunja vitone vidogo zaidi, tunaipandisha hewani, halafu tunaivuta ndani ya madirisha tuliyofunga wenyewe. Injenia alikaa kwenye ngazi, ameshika kichwa. Akasema, "Na mimi ndiye niliyekuwa nawaonyesha wageni."

Sasa chumba kile kina mashine ya kuvuta hewa. Zebaki ikimwagika inakusanywa kwa utaratibu wake, na nguo za kazi hazitoki getini. Ufagio umepigwa marufuku. Yule mzee tulimtafuta, tukamkuta Kinyinya kwa binti yake, anatibiwa, na nilimwomba radhi kwa lile neno la pombe. Usingizi umenirudia. Chai nyumbani namimina mwenyewe, inamwagika kidogo, na Baba Keza anajifanya haoni.

Na Hadija amejifungua. Msichana, amemwita Salama. Madaktari wanaendelea kumfuatilia, hawajatuambia yameisha, na mimi siwezi kuwadanganya mbele ya madhabahu. Lakini ananyonya vizuri, analia vizuri. Nilimpakata wiki hii. Niliogopa mikono yangu, Hadija akasema, "Mshike, dada," akaniwekea. Nilikaa, ndugu zangu. Nilikaa kwenye kiti na mtoto wa watu mpaka akalala, na sikutafuta ufagio.

Mungu amenitoa mbali, nasema asante. Asante kwa akina mama waliofunga, asante kwa daktari, asante hata kwa uji uliomwagika. Na wewe uliyekaa hapa unatetemeka, hulali, unagombana na kila mtu na umeambiwa una pepo, usiondoke na mzigo wako. Mwamini Yesu, njoo hapa mbele nikushike mikono, tuombe. Tukimaliza kuomba, uniambie unafanya kazi wapi.