Kishki Bado Iko Juu ya Paa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Kijiji, Bwana Fayez. Padri wetu Mitri. Wazee wangu mlioketi mbele kwenye viti vyenye mito. Ndugu wageni waalikwa mliopanda mlima kwa ajili yetu. Kina mama wenzangu wa Ain Tuta, ambao najua kila mmoja wenu ana mashuka yake juu ya paa mchana huu na roho yake iko hukohuko. Na wewe, Najla, mama yake Huda, jirani yangu wa ukuta mmoja kwa miaka arobaini na miwili, ambaye ndiye sababu ya viti hivi kupangwa: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimepewa dakika kumi. Mheshimiwa Mwenyekiti naye alipewa kumi akatumia arobaini, na simlaumu, kwa sababu alikuwa na mengi ya kutueleza kuhusu barabara. Lakini Mheshimiwa, wewe huna kishki juani. Sisi tunayo. Umetuhakikishia kwamba redio imesema hakuna mvua mpaka Jumapili, nasi tumeiamini redio yako, tukaacha jasho letu limetandazwa juu ya mapaa, tukavaa viatu vya kanisani, tukaja kukaa. Na mimi mmenisimamisha hapa nikiwa nimeupa mlima mgongo. Mwezi wa tisa, Sikukuu ya Msalaba ikishapita, mwanamke wa kijiji hiki haupi mlima mgongo. Nikigeukageuka mtanisamehe.

Tanios, dereva wetu, zima gari hilo. Ndege ya Brazili ni ya jioni, na abiria wako yuko hapa kwenye kiti.

Ndugu zangu, tumekuja kumuaga Najla, ambaye magoti yamemshinda ngazi na binti yake Huda amemwita akaishi naye ng'ambo. Nitamsifu vipi? Nilipoletwa hapa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, binti wa pwani nisiyejua mbuzi anakamuliwa upande gani, nani alinivukia ukuta? Wengine mlikaa barazani mkinicheka. Yeye alikuja na ndoo, akanitazama nilivyomshika mbuzi chuchu, akasema, "Wewe wa samaki, huyo si kengele. Binya, usivute!" Akanifundisha kukata biringanya ndogo na kuzishindilia kokwa za jozi na vitunguu saumu kabla ya kuzizamisha kwenye mafuta. Akanifundisha kumlisha kondoo wa majira ya baridi kwa mkono, tonge la majani ya mforsadi baada ya tonge, ukimsukumia mdomoni kama mtoto mkaidi, mpaka anone. Nilipotia chumvi mara mbili kwenye mtungi mzima wa mtindi, nikalia, alisema, "Nyamaza. Tutawapa wakwe zako, watadhani ndivyo mnavyopika kwenu." Na kweli tukawapa. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikunywa maji siku mbili na hakujua kwa nini.

Mnacheka. Vizuri, chekeni, maana mimi siwezi.

Karatasi hii niliandikiwa na mpwa wangu mwalimu. Ina maneno mazuri kweli. Nilikuwa niisome yote, niketi, nipigiwe makofi, tule keki, Najla apande gari. Lakini robo saa iliyopita, mbele ya macho yenu, Najla amenikabidhi ufunguo huu. Ni wa nyumba yake, wa ghala lake la chini, wa mlango wa kwenda paani, na pamoja nao ameniachia mbuzi wake saba. Na mlimsikia alivyosema. Alisema, "Nampa Wadad, kwa sababu hakuna jicho lililoyalinda mapaa yetu kama la Wadad." Mkapiga makofi. Ufunguo huu una joto mkononi mwangu tangu dakika ile, nimeuhamisha kulia, nimeuhamisha kushoto, na siwezi kuuweka mfukoni.

Wageni wetu, pengine kwenu hamna desturi hii, kwa hiyo nitawaeleza upesi. Kishki ni ngano iliyochemshwa, ikakaushwa, ikapondwa, kisha tunailoweka kwenye mtindi wa mbuzi siku tisa na kuikanda kila asubuhi. Halafu tunaianika paani, vitonge vitonge juu ya shuka jeupe, tukiisugua kwa viganja mpaka iwe unga. Ndiyo supu yetu wakati theluji imeziba milango. Ikinyeshewa robo saa tu, inaota kuvu, na maziwa ya kiangazi kizima yamekwenda na maji. Kwa sababu hiyo tuna neno moja. Mwanamke wa kwanza kuliona wingu likichungulia juu ya kilele anapiga kelele: "Anueni!" Haulizwi kama ana hakika. Hachagui wa kumwambia na wa kumnyima. Hata kama asubuhi mlitukanana kisimani, ukiliona wingu unaita, na kila mtu anaacha alichoshika anakimbilia paa lililo karibu, liwe lake au la mwingine.

Siku ya maziko ya mume wangu, miaka kumi na mitano iliyopita, ni Najla aliyeita. Katikati ya sala! Padri Mitri, unakumbuka? Ulifunga kitabu, wanawake wote wakatoka mbio, jeneza likabaki na wanaume. Mashuka yangu manne yaliokolewa na watu waliokuja kunizikia mume. Na mume wangu huyo, Baba Ghattas, ambaye alipenda kishki kuliko alivyonipenda mimi, nina hakika hakununa. Nilikula kishki ile msimu wote nikiwa mjane, na kila bakuli lilikuwa la Najla.

Sasa sikilizeni alivyolipwa.

Miaka minne baadaye, mwezi huuhuu, mbuzi wake Sultana aliruka ukuta akala mforsadi wangu. Hakuacha jani kwenye tawi lolote la chini, na mimi nina kondoo wa kulishwa, na Baba Ghattas hayupo wa kupanda juu. Nikamwita Najla. Nikasema, "Tazama mnyama wako alichonifanyia!" Yeye akatazama, akatazama tena, akaangua kicheko. "Mama Ghattas," akasema, "Sultana amekuhurumia. Bila yeye, kondoo wako angekuzidi mashavu." Alikuwa anatania, kama alivyonitania maisha yetu yote. Lakini siku ile majirani walikuwepo, walicheka, na mimi nilikuwa nimeteremka bondeni tangu alfajiri kutafuta majani. Nilimwambia neno ambalo Padri hapendi nilitaje. Tukanuniana siku tano.

Siku ya tano nilikuwa paani kwangu. Najla alikuwa ameteremka kwenye tanuri la mkate. Nikaliona wingu.

Ndugu zangu, mbona mnatazama kando? Nimekaa na jambo hili miaka kumi na mmoja, nanyi hamwezi kunitazama usoni dakika mbili?

Nikaliona wingu, nikafungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika hapa, kooni. Nikaufunga. Nikaanua mashuka yangu manne, nikafunga pembe kwa pembe, nikayateremsha ndani. Kijiji kizima siku ile kilikuwa kimeshaanua. Kishki iliyobaki juani ilikuwa yangu na ya Najla tu, kwa kuwa sisi tulichelewa. Nikarudi juu mara ya mwisho, nikayaona mashuka yake matatu, meupe, yamesuguliwa vizuri kuliko yangu. Ukuta kati ya mapaa yetu hauzidi goti. Ningenyoosha mguu tu. Nikateremka, nikafunga dirisha, nikakaa kitandani nikasikiliza mvua.

Alirudi anakimbia, mikono ina unga wa mkate hadi kwenye viwiko. Akabisha. "Mama Ghattas, hukuliona?" Nikamjibu, "Nilikuwa nimelala." Akauliza, "Na yako?" Nikasema nilishaianua asubuhi. Alinitazama kidogo, akasema, "Basi, Mungu ndiye anayejua," akaenda kukamua maji kwenye mashuka.

Mnajua kilichofuata, kwa maana mmekisimulia miaka yote. Nilimpa nusu ya kishki yangu. Nilimpelekea mtungi wa nyama ya kondoo yuleyule iliyohifadhiwa kwenye mafuta yake. Padri Mitri, ukanitaja kanisani! Ulisema, "Tazameni upendo wa Wadad, aliyekata akiba yake vipande viwili." Na Najla alitoka kwenye benchi lake akaubusu mkono wangu huu. Mkono uliofunga dirisha. Nani kati yenu amewahi kuniona nikila kishki tangu siku hiyo? Huwa nawaambia ni tumbo. Hakuna tumbo. Nikiinusa naona mashuka matatu.

Kwa nini sikusema mapema? Kwa sababu kila mwaka ilikuwa rahisi kungoja mwaka mwingine. Alikuwa hapo ng'ambo ya ukuta, angeendelea kuwa hapo, na ningemwambia wakati wa kuvuna jozi, ningemwambia wakati wa zabibu. Leo kuna gari. Nimeona aibu, Najla, naona aibu hata sasa, na ninaogopa kuliko nilivyoogopa siku niliyoletwa hapa. Lakini siwezi kukuacha upande ndege ukiwa umemwachia nyumba yako mtu usiyemjua.

Ufunguo nauweka hapa mezani, kando ya keki. Mbuzi nitawakamua mpaka utakapomtaja mtu mwingine. Hilo ndilo nililotaka kusema, na mpwa wangu anisamehe kwa karatasi yake.

Kina mama, nawaelewa. Nawaona mnavyotazama juu ya bega langu, mnabonyezana viwiko, hakuna anayetaka macho yake yakutane na yangu. Ni haki yenu. Mngekuwa mnanitukana ningefarijika zaidi, lakini ni haki yenu.

Najla anasimama. Tanios, mfungulie mlango wa gari, mwanangu. Mshike mkono, magoti hayo. Hapana, msimzuie, mwacheni apite, ana haki ya kwenda bila kuniaga. Najla, nenda salama. Msalimie Huda. Mwambie...

Eti? Umesema nini? Nyuma yangu?

Rudia, Najla, masikio yangu yanavuma.

"Anueni"?

Yesu na Maria! Limefunika kilele chote! Kumbe hicho ndicho mlichokuwa mnakitazama? Mmeliona wingu kubwa hivi, mkakaa kimya mnaona haya kumkatiza mwenye dhambi zake? Hata wewe, Padri? Hii ndiyo heshima? Mwanamke mmoja tu ndiye aliyepaza sauti, na mwaka huu hajaanika hata punje moja. Najla, paa lako ni tupu! Umeita kwa ajili ya kishki yangu.

Mnamsikia anavyosema? Anasema, "Utalia baadaye, wewe wa samaki, kimbia!" Anasema nichukue ufunguo, kwa sababu njia ya kupitia paani kwake ni fupi. Nimeuchukua, Najla, nimeuchukua, huu hapa. Na wewe unakwenda wapi kwenye ngazi na magoti hayo? Haya, shika bega langu, tutapanda pamoja, na hiyo ndege itungoje.

Mheshimiwa Mwenyekiti, vua koti hilo, njoo ushike pembe ya shuka, na usinitajie tena redio. Tanios, acha gari hapo, panda kwenye paa la mama yako. Wageni waalikwa, keki baadaye. Paa lolote mtakaloliona lina kitu cheupe, hilo ni lenu. Mmenisikiliza vya kutosha, nawashukuru nyote kutoka moyoni. Sasa msikilizeni Najla: anueni!